Siku ya Idi Langoni Hapakuwa na Mtu

Ijumaa, tarehe 2 Septemba, Hayes. Asubuhi mawingu mazito, hewa ya kunata, mvua haikunyesha.

Rahma mwanangu,

Mambo ya sufuria, blanketi, dawa ya kifua na namna ya kupika wali usishikane nimekuandikia kwenye karatasi nyingine, nimeibandika ndani ya kifuniko cha sanduku lako. Hapa sitayarudia. Unanijua: nimeyapanga kwa namba na hakuna nililosahau.

Hii ni habari nyingine. Naiandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kiingereza ningeweza kujificha. Kiingereza changu ni cha fomu na cha wasimamizi wa ghalani. Ukinisikia ndani yake utadhani sijawahi kumkosea mtu. Najua Kiswahili unakisoma polepole, unatamka kila neno kama mtoto wa chuo cha Kurani. Soma hivyo hivyo, usiharakishe.

Jumapili iliyopita ulikuwa umekaa chini unakunja nguo. Ukaniuliza kwa Kiingereza chako, nami nikakujibu kwa Kiswahili changu, kama tulivyozoea. Ulitaka kujua lile kundi letu la zamani lilikuwaje, la kuwasindikiza watu kwenda kusaini ofisi ya uhamiaji, kwa kuwa kazi uliyopata Glasgow ni ya jinsi hiyo: kuyakutanisha makundi yanayowasaidia wakimbizi, ya kanisani na ya msikitini, ya wenyeji na ya wageni, yashike kazi pamoja. Nikakwambia, "Lilikufa tu, kama yanavyokufa makundi yote." Ukacheka.

Kisha ukanisimulia ulivyojibu kwenye usaili. Walipokuuliza kwa nini unaitaka kazi hii, uliwaeleza habari za Mama Neema. Uliwaambia kwamba ulipokuwa na miaka tisa kulikuwa na mwanamke wa Kongo aliyekusuka nywele kila Jumamosi. Siku moja alikwenda kusaini, na muuguzi mmoja Mkenya aliyeahidi kumsubiri nje hakutokea, na Mama Neema akachukuliwa. Ukawaambia, "Mimi nataka kuwa mtu anayetokea." Ulisema mmoja wa wale watatu nyuma ya meza alifuta macho.

Mimi nikainuka nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Hadithi hiyo nilikupa mimi, Rahma, na si ya kweli. Umeitegemea kuchagua kazi yako, na kesho unaondoka nayo. Nimefungua madaftari yangu ya miaka ile tangu saa moja usiku ili nikwambie ilivyokuwa, tarehe kwa tarehe, nisije nikaipunguza.

Hujui foleni ile ilivyokuwa, kwa sababu wewe ulikuwa ukiiona kutoka kwenye magoti ya watu. Ulikuwa na miaka minne. Kila baada ya wiki mbili, Jumatano, nilikupakia basi hadi ile ofisi karibu na uwanja wa ndege. Nilikuwa nimeomba hifadhi na sijajibiwa, na asiyejibiwa lazima afike aweke saini, waone kwamba hajatoroka. Mara nyingi ni dakika kumi tu. Lakini siku nyingine mtu huingia na hatoki. Hupitishwa mlango wa nyuma, akatiwa garini, na baada ya siku chache yuko kwenye ndege. Kwa hiyo foleni ilikuwa kimya. Nilisimama pale mwaka mzima na sikujua jina la mtu hata mmoja. Tuliogopana. Tulidhani bahati ya kutoka ni chache, na mwenzako akitoka amechukua yako.

Siku moja ulilia kwa njaa. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akanigusa bega.

"Mama, huyu mutoto iko na njaa. Umupatie hii."

Akatoa yai la kuchemsha ndani ya kitambaa, bado lina moto. Sikuwahi kusikia Kiswahili kama kile, nikadhani ananitania.

"Wewe mtu wa wapi?"

"Bukavu. Na weye, unasema kama redio, wa wapi?"

Ndiye huyo Mama Neema. Neema mwenyewe alikuwa amebaki kwa bibi yake, na mama yake alikuwa anasubiri karatasi ili amlete. Ndiyo sababu alikuwa akikusuka wewe. Alinambia siku moja kwamba mikono yake inamuwasha ikifika Jumamosi.

Tulipokutana mara ya tatu alisema, "Acha mutoto kwangu, weye ingia. Ukikawia, niite nani?" Nikampa namba ya wakili wangu. Nilipotoka nikachukua mkoba wake na namba ya wakili wake, nikasimama nje mpaka naye akatoka. Ilikuwa hivyo tu. Hakuna aliyetufundisha, na wala hatukuliita jambo.

Wengine wakaona. Kwanza akina mama wetu wa Unguja na Pemba, tuliokuwa na kikundi chetu cha kuzikana na kuozana. Kisha watu wa kanisa la Mama Neema, waliokuja kutoka Peckham, upande wa pili wa London, kwa treni mbili. Kisha Sista Wambui, muuguzi kwenye nyumba ya wazee hapa Hayes, akaja na Wakenya wenzake wanaofanya kazi za kutunza wazee. Yeye mwenyewe alikuwa na karatasi zake zote na hakuwa na lazima ya kusimama na mtu. Nilipomuuliza kwa nini anajisumbua alisema, "Mimi kazi yangu ni kungoja watu wafe. Wacha nami ningoje mtu atoke."

Tulikutana stoo ya Bwana Kanti, nyuma ya duka lake, juu ya magunia ya mchele. Bwana Kanti alizaliwa Unguja, akaondoka kijana baada ya Mapinduzi, na alipenda kutukumbusha. "Mimi nilitoka Unguja na sanduku moja," alisema, akituangalia tunavyogombania magunia ya kukalia. "Nyinyi mmekuja na makundi matatu, na kila moja lina mwenyekiti."

Mimi nikatoa daftari na rula. Nikachora zamu: nani anasaini siku gani, nani atasimama langoni. Kila msindikizaji awe na jina kamili la mtu wake na namba ya wakili. Ikipita saa moja hajatoka, apige simu kwa wakili, kisha kwangu. Wakili akipata habari siku ile ile anaweza kuwahi mahakamani kabla mtu hajapelekwa mbali. Mara mbili tuliliona hilo kwa macho yetu: watu wawili walikamatwa asubuhi, simu ikapigwa, na baada ya siku kadhaa wakarudi Hayes wakala wali nasi. Kanuni niliyoitilia mkazo kuliko zote ilikuwa hii: mtu asiingie kabla msindikizaji wake hajafika. Ofisi ilikuwa wazi hadi saa sita mchana, basi afadhali achelewe kuliko aingie peke yake. Nikaipigia mstari mara mbili kwa wino mwekundu.

Ilikuwa miaka mizuri, Rahma, na sitaki kukudanganya kwa upande huo pia. Wambui akawa anapika mkate wa sinia kwa kufundishwa na akina mama wetu, unaungua kila mara, na tunaula. Watu wa Peckham walikuja na ngoma siku ile barua yangu ya kukubaliwa ilipofika.

Lakini barua ile ilinibadilisha, na sikuona. Niliacha kusaini, nikabaki kuwa katibu. Sasa nilikuwa nikienda langoni kama mtu anayetoa, na anayetoa huanza kupenda kutazamwa. Nilipendekeza kwamba wiki ya Krismasi na ya Pasaka sisi Waislamu tusimame kwa niaba ya wote, na siku ya Idi wasimame Wakristo. Walipiga makofi. Wambui akasema, "Hapo sawa. Krismasi mimi sitaki kuona sura yoyote isipokuwa ya mbuzi." Mchungaji wa Peckham alilitaja jambo hilo kanisani kwao, nami nikaliandika kwenye daftari langu kwamba limetajwa.

Mwaka uliofuata kikundi chetu cha akina mama kikapasuka. Bi Zuhura, aliyekuwa mweka hazina, alitaka tufunge na kufungua kwa tangazo la Maka. Mimi na wengine tulitaka kusubiri mwezi uonekane kwetu, Afrika Mashariki. Leo siwezi kukwambia nani alikuwa sahihi, wanazuoni wenyewe hawajamaliza. Ninachojua ni kwamba mimi na Bi Zuhura hatukuwa tukigombania mwezi. Kwenye maulidi ya mwaka ule aliketi mlangoni akapokea wageni, mahali nilipozoea kuketi mimi. Mengine yote yalikuja baada ya hapo. Ilipofika Ramadhani tulikuwa hatusalimiani, na kila upande una ukumbi wake wa kusalia Idi.

Kwenye mkutano wa mwisho kabla ya Idi, Wambui alishika daftari la zamu akalisogeza karibu na taa.

"Mama Rahma, hapa umeandika 'Idi: Wambui.' Idi ni tarehe ngapi?"

"Inategemea mwezi."

"Nasikia mko na mbili mwaka huu. Huyu Zuhura wenu ananiambia Jumanne."

Watu wa Peckham wakaniangalia.

"Idi ni moja," nikasema. "Waislamu ni wamoja."

"Haya. Nyinyi mnagombana juu ya mwezi, na mwezi yenyewe haina habari na nyinyi." Watu wakacheka, hata mimi nikajilazimisha. "Basi ukishajua, nipigie usiku huo. Nitakuja."

"Nitakupigia."

Ningeweza kuandika pale pale: Jumanne kwa wale, Jumatano au Alhamisi kwa sisi. Mistari miwili. Lakini kuiandika Jumanne ya Bi Zuhura ndani ya daftari langu, kwa mkono wangu, ilikuwa kama kumpisha tena mlangoni. Sikuiandika.

Jumanne upande wa Bi Zuhura wakasali Idi. Wambui aliona wenzake kazini wamechukua ruhusa, wengine wamepaka hina, akajua siku yake imefika. Akaenda langoni akasimama saa tatu nzima kwenye mvua kwa ajili ya waliosaini Jumanne. Nilisikia habari hiyo jioni, nikiwa jikoni. Baadaye kidogo ikaja simu kutoka nyumbani: mwezi umeonekana, kesho Idi yetu. Kesho ilikuwa Jumatano, siku ya Mama Neema kusaini.

Ilikuwa ni kumpigia Wambui tu. Nilikuwa na simu mkononi. Lakini ningemwambia nini? Kwamba Idi aliyoisimamia leo mvuani ilikuwa ya wale, na sasa nataka asimame tena kesho kwa yangu? Ningelazimika kumwambia kwamba yeye alisema kweli na mimi nilisema uongo mbele ya watu. Nikasema moyoni, anajua mimi nasali siku gani, daftari ameliona, mwenyewe atafahamu. Nikaweka simu juu ya friji, nikaendelea kupiga pasi gauni lako la kijani.

Asubuhi tulikuwa njiani kwenda kusali, wewe umeshika mkono wangu, unaruka madimbwi ya maji. Simu ikalia.

"Mama Rahma, Idi njema. Nani iko nasimama leo?"

"Wambui."

"Niko hapa langoni. Simuone."

Niliangalia saa. Sala ilikuwa karibu kuanza. Kutoka pale hadi langoni ni basi moja, nusu saa. Ningeweza kumwambia asubiri, nisali, nije. Kungekuwa bado mapema, ofisi haifungwi mpaka saa sita. Ningeweza pia kukosa sala. Lakini nikawaza upande wetu utasemaje katibu akikosekana, na kwamba Bi Zuhura atapata habari.

"Anakuja," nikamwambia. "Ingia tu, utamkuta nje ukitoka."

"Niingie?"

"Ingia."

"Sawa, mama. Umubusu Rahma. Umuambie Jumamosi nitamusuka ile ya mistari."

Wewe ulisikia jina lako ukauliza ni nani. Nikasema ni Mama Neema, anakubusu.

Ninalo mbele yangu daftari la siku ile. Nimeandika: "Jumatano. Idi. Jua, baridi kidogo. Pilau limetoka vizuri. Gauni la R. limemkaa. M.N. amesaini." Niliandika amesaini. Sikuuliza mtu, wala sikumpigia kuhakikisha. Niliweka kama nilivyokuwa nikiweka kila Jumatano, kwa sababu mstari ulikuwa unangoja kujazwa.

Alipiga simu Alhamisi usiku kwa simu ya kuazima, kutoka mahali walipomfungia, mbali na London. Alidhani tumeshajua. Alikuwa akijiuliza kwa nini wakili hajafika. Nilimpigia wakili Ijumaa asubuhi, akauliza amekamatwa lini, nikamwambia. Akasema, "Kama ningepata habari Jumatano mchana..." akaacha hapo. Alijaribu. Jumapili alfajiri Mama Neema akapandishwa ndege, akashushwa Kinshasa, mji asioujua, mbali na Bukavu kama hapa na sijui wapi. Tulizungumza naye kwa simu miezi minne. Hakunilaumu hata mara moja, kwa sababu hakujua. Alidhani Wambui alipata dharura kazini, na mara ya mwisho alinambia nimsalimie sana. Baada ya hapo namba haikupatikana tena. Neema alifika kwa mama yake au hakufika, aliolewa au yuko wapi, sijui. Sasa ni mwanamke mkubwa kuliko wewe.

Ningekuwa nimekosa hapo tu, nadhani ningeweza kukusimulia zamani. Watu husahau, watu hupitiwa. Kinachonifanya niandike ni yaliyofuata.

Babu yako alikuwa karani bandarini. Miaka ile baada ya Mapinduzi jirani yao alichukuliwa usiku, na watoto wa jirani walipokuja asubuhi kuuliza kama kuna aliyeona chochote, babu yako aliwajibu, "Sisi hatukusikia kitu." Bibi yako alinisimulia hayo nikiwa kidato cha pili, babu yuko chumba cha pili anasikiliza. Alikuwa mtu mwema, na alikuwa na watoto ndani na hofu ya kweli. Lakini mimi kwa ujana wangu nilimdharau. Nilijiapia kwamba sitakuwa mtu wa jibu lile. Hata kuandika shajara nilianzia hapo, ili siku nikiulizwa niwe na la kusema.

Basi tukakutana stoo ya Bwana Kanti wiki iliyofuata. Watu wa Peckham walikuja wengi, wamevaa kama wanaokwenda msibani. Mchungaji akauliza, kwa upole, ilikuwa zamu ya nani. Nikalifungua daftari, nikaweka kidole: "Idi: Wambui."

Wambui akasema, "Lakini mimi nilisimama Idi. Jumanne. Mama Rahma, si tulikubaliana utanipigia?"

Stoo nzima ikageukia kwangu. Bi Zuhura alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja siku ile, jambo ambalo sikulitegemea.

Nikasema, "Nilikupigia. Hukupokea."

Wambui akatoa simu yake mkobani. Akaanza kutafuta, anabonyeza kwa kidole gumba, nami nikawa nahesabu. Akafika mahali akasimama. Akainua macho akaniangalia, si kwa hasira. Aliniangalia kama anavyowaangalia wazee wake wanapojikojolea na kukataa kwamba ni wao. Kisha akaifunika simu.

"Labda," akasema. "Simu yangu ni ya zamani."

Haikuwa ya zamani. Alikuwa ameinunua mwezi ule ule, alituonyesha sote.

Nadhani alifikiri kwamba mmoja wetu akianguka ni afadhali aanguke yeye, kundi libaki. Halikubaki. Watu wa Peckham walisema watawasindikiza watu wao wenyewe kuanzia sasa, Mungu awabariki wote. Wakenya hawakupenda mwenzao kusingiziwa na Waswahili, maana nao waliona simu mpya. Wa Bi Zuhura na wetu tukatoka kwa makundi mawili, kila mmoja anajua Idi zilikuwa mbili. Bwana Kanti akarudisha magunia mahali pake. Mimi nikaendelea kuchora zamu peke yangu kwa wiki tano, kurasa ninazo, mistari imenyooka, hakuna jina hata moja.

Wewe ulilia siku nyingi. Ukaniuliza kwa nini hakuna aliyekuwa nje. Nikakwambia, "Sista Wambui alisahau." Ulikuwa na miaka tisa na ulitaka mtu wa kumchukia, nikakupa. Ulipofika miaka kumi na miwili tulikutana naye kituo cha basi, akasema kwa furaha, "Rahma! Umekuwa mrefu hivi!" Ukageuza uso. Alinitazama mimi, wala si wewe. Nami nikajifanya nasoma ratiba ya mabasi.

Mwezi Julai, ulipoleta barua ya kazi, nilikwenda ile nyumba ya wazee kumtafuta. Msichana wa mapokezi alisema Sista Wambui amestaafu, amerudi Kenya, hawana namba yake, na hata wangekuwa nayo hawangeweza kunipa. Nilikaa kidogo kwenye kiti cha wageni kisha nikaondoka. Ukumbi wa Peckham walipokuwa wakisali sasa ni saluni. Bwana Kanti amefariki, unajua. Hakuna aliyebaki wa kumwambia isipokuwa wewe.

Sasa utasema, Mama, unataka nifanye nini na haya. Sijui. Ningependa kukwambia kwamba Glasgow ni tofauti, kwamba vijana wa siku hizi mna akili kuliko sisi, na simu zenu zinawapa ujumbe wote kwa pamoja. Siamini hivyo. Nimepita mbele ya lango lile mwezi uliopita nikiwa kwenye basi la kazini. Foleni ipo, ndefu kuliko yetu, na ipo kimya vile vile. Nje hapakuwa na mtu wa kungoja. Miaka kumi na minne imepita. Nilichojenga mimi hakikuacha hata alama ya mguu pale.

Utakutana na watu wazuri. Watakuwa wazuri kweli, kama sisi tulivyokuwa. Wataleta chakula, wataimba, watatoa siku zao za mapumziko. Na watavunjika kwa kitu kidogo ambacho mtu wa nje atakicheka: nani alitajwa kwanza kwenye shukrani, nani alikaa mlangoni. Hutakiona kikija, kwa sababu hakitakuja na jina lake. Kitakuja kama mwezi, au kama kanuni, au kama heshima ya dini. Siku ukijiona unalinda kitu kikubwa sana na huku mtu mmoja yuko nje anakuuliza swali dogo, mjibu yule wa swali dogo. Mimi sikufanya, kwa hiyo sina haki ya kukufundisha. Nakwambia tu mahali niliposimama.

Na ukikuta katibu mwenye daftari safi, mkague. Usimdharau, mpende, lakini mkague.

Siombi unisamehe kwa ajili ya Mama Neema, hilo si lako kutoa. Kwa ajili ya Sista Wambui naomba jambo moja. Ukisimulia tena, kokote, kwenye mkutano au kwa rafiki, isimulie habari hii kama ilivyokuwa. Sema kulikuwa na muuguzi Mkenya aliyesimama saa tatu nzima kwenye mvua kwa ajili ya Idi isiyo yake, akabeba uongo wa mtu mwingine mbele ya watu na hakuutua. Sema aliyedanganya alikuwa mama yako. Jina langu ulitaje. Najua wale watatu nyuma ya meza walikupa kazi kwa sababu ya ile hadithi nyingine, na huenda hii ikawafanya wakutazame vingine. Ni hasara, nimeifikiria, na bado naomba.

Nilikusudia kuiweka barua hii chini ya nguo zako ndani ya sanduku, uikute huko ukiwa umefika na mimi niko mbali. Nimekwisha hata kuikunja. Nimeikunjua tena. Basi lako ni saa nne. Nitakuamsha saa kumi na mbili, nitakuwekea chai, na nitakupa mkononi uisome mezani kwa sauti, nami nimekaa mbele yako. Neno usilolijua uniulize. Ukimaliza na ukataka kuondoka bila kunipa mkono, mlango hautakuwa umefungwa kwa ufunguo. Ukitaka nikusindikize mpaka kituoni, nitakuwa nimeshavaa koti.

Mama yako

Nalala saa tisa kasoro dakika kumi usiku.